Glen Tarvie Haijawahi Kuwa Tupu

Mgeni rasmi, Bwana Lionel Ashcombe, mwenye milki ya bonde la Glen Tarvie, Kasisi wetu, na ndugu wakazi mliojibana katika ukumbi huu:

KARIBU

Sisi wakazi wa Glen Tarvie tunakukaribisha. Msimamizi wako alituomba risala fupi ya shukrani, kwa kuwa milki imetangazwa kuuzwa na wewe umekuja kuaga. Tumeiandika. Shukrani zimo, ila si nyingi, na tunaomba utuvumilie hadi mwisho.

TULIKOTOKA

Kijarida cha mauzo kinasema bonde hili ni "nyika ya kale ambayo mkono wa mtu haujaigusa". Tulipokisoma dukani, Torquil wa gereji aliuliza, "Na zile kuta za mawe kando ya mto, zilijengwa na kulungu?" Tulicheka, kisha kicheko kikatukauka. Kuta zile zilikuwa nyumba za babu zetu. Walitolewa humo kwa kuchomewa mapaa, ili kondoo wapate nafasi. Kondoo walipoacha kuleta faida, bonde likaachiwa kulungu, na wageni wa kuwawinda. Nyika hii ilitengenezwa, mgeni rasmi. Ilitengenezwa kwa kutuondoa sisi.

TULIYOYAFANYA

Waliobaki walifanya kazi. Mafuriko yalipolichukua daraja, tulilijenga upya wenyewe. Moto ulipopanda mlimani kuelekea jumba lako la mawindo, aliyesimama mbele yake akiupiga kwa koleo ni Farquhar Gillanders, na sisi nyuma yake. Farquhar alikuwa kiongozi wa wawindaji wako, kama baba yake alivyokuwa kwa baba yako. Wale wageni wako waliopiga picha wameshika pembe, yeye ndiye aliyewatambaza matopeni mpaka wakamwona mnyama. Kwa mshahara uliomlipa, asante. Alifariki Februari.

YALIYOMPATA BIBI EFFIE

Siku ya mazishi tulilibeba jeneza mabegani, kwa zamu, kama ilivyo desturi yetu, kuelekea makaburi ya mtoni. Mkewe, Bibi Effie, alitangulia na mbwa wa marehemu. Kwenye lango la njia ya makaburini tukakuta mnyororo. Vijana wa dalali wako walikuwa wanarusha droni, wakipiga picha za kijarida.

"Samahani, mama," mmoja akasema, "mtupishe kidogo. Jua ndiyo kwanza limetoka, na tumeambiwa bondeni kusionekane watu."

"Hivi wale unaona wamebeba nini, mwanangu? Kapu la chakula?"

"Robo saa tu, mama."

"Farquhar amelingoja jua kwa ajili ya wageni wa jumba lile maisha yake yote. Leo jua limngoje yeye. Fungua!"

Kijana akatoa simu, akampigia dalali kuomba ruhusa. Ruhusa ya kumzika mtu kwao! Tukasimama, jeneza likitukata mabega. Bibi Effie hakungoja jibu. Alikunja sketi yake nyeusi, akapanda lango, akateremka upande wa pili, akanyoosha mikono.

"Nipeni mume wangu."

Wanaume wawili wakaruka kumsaidia, tukampitisha Farquhar juu ya lango kama mzigo wa magendo.

Mwezi uliofuata kijarida kikatoka. Picha ya jalada ni ya siku ile, tukiwa bado njiani. Tunaijua kwa sababu ya mbwa. Sisi tumefutwa. Jeneza limefutwa. Mjane amefutwa. Mbwa ameachwa; labda mlimwona anapendeza.

Wiki ileile Bibi Effie akaletewa notisi. Nyumba ilikuwa ya kazi, mwenye kazi amekufa, na mnunuzi, atakayekuwa yeyote, aikute tupu. Ahame kabla Mei haijaisha.

MAOMBI

Tunaomba makaburi yetu yatolewe katika mauzo. Hatukubali baba zetu wauzwe pamoja na mto na samaki wake wa samoni. Tunaomba pia, kabla hujatia saini na mtu yeyote, sisi tupewe nafasi ya kwanza ya kununua. Tumeanza kuchangishana, na tunaomba usitucheke.

Kuhusu Bibi Effie, hapo mbele unaona kiti kitupu. Ni chake. Asubuhi hii katibu wetu, Morven Tolmie, anayekusomea risala hii, alimfuata nyumbani akamkuta anamenya viazi.

"Shangazi, twende. Mgeni rasmi anakaribia kufika."

Hakuinua hata kichwa. "Mgeni si yeye? Basi aje yeye abishe hodi."

Nyumba yake ni ya mwisho kabla ya daraja. Chai ya hapa ukumbini tutainywa bila wewe. Nenda ukamwambie mwenyewe, ukimtazama usoni, kwamba atoke.

Mungu akulinde barabarani, naye azidi kutuweka hapa tulipo.

Ni sisi,
Wakazi wa Glen Tarvie, tuliopo.