Marehemu Hata Hivyo na Timu Yake ya Mdahalo

Ndugu waombolezaji, kabla sijasoma neno lolote, nawaomba wana timu ya mdahalo mliokaa safu za nyuma mshushe mikono. Wasifu huu hauna upande wa kupinga. Nimeuandika mimi, dada niliyemfuata marehemu kuzaliwa, fundi cherehani, na wazee wa familia wameupitia. Mwenye lake anifuate nyumbani.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi zilizokuwa nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa pili kati ya watatu. Baba alikuwa fundi wa breki za mabehewa, mama alikuwa mhudumu wa zahanati. Mama alisimulia kwamba mimba ilipitiliza wiki nzima, mpaka mkunga akasema, "Huyu anataka kwanza aelezwe huku nje kuna nini." Jina alilopewa na wazazi lilidumu mpaka alipoanza kuongea. Ukimwambia akaoge, anajibu, "Sawa mama, hata hivyo jana nilioga." Ukimwambia ale, "Sawa, hata hivyo sijashiba maji bado." Basi mtaa mzima ukamwita Hata Hivyo, na mama akawa anamwambia, "Kinywa ni jumba la maneno, lakini wewe mwanangu umejenga ghorofa."

Alipovunja kioo cha jirani kwa mpira, aliomba asikilizwe kwanza. Mama akavuta kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho, akakiri kwamba hoja yake ya tatu ilikuwa nzuri sana, kisha akamchapa. Tulicheka sana siku hiyo. Hatukujua kwamba ingefika siku ambapo uhai wake wenyewe ungetegemea kama anaweza kukubali jambo moja tu bila kulipinga.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akaendelea na sekondari ya bweni hadi mwaka 1976. Ripoti yake ya mwisho, iliyoandikwa na mwalimu mkuu, ilisema: "Ana akili nyingi. Mimi binafsi nimechoka." Mwaka 1977 alijiunga na chuo kikuu kusoma historia, na mwaka uliofuata, yeye na wenzake wanne, wakaanzisha timu ya mdahalo. Vyumba vyote vizuri vilikuwa vimechukuliwa na kwaya na watu wa karate, kwa hiyo wakapewa stoo ya maabara ya biolojia. Walikuwa na viti viwili, ndoo ya kukalia, kengele ya baiskeli ya kutunzia muda, na kiunzi cha mifupa cha kufundishia. Mgeni akiingia na kukishangaa, aliambiwa huyo ni mwanachama mwenzetu, alikuwa anasubiri Hata Hivyo amalize hotuba ya ufunguzi.

Katika stoo hiyo ndipo alipoweka sharti ambalo timu inalifuata mpaka leo. Huruhusiwi kumpinga mtu mpaka kwanza uieleze hoja yake, kwa maneno yako wewe, vizuri kiasi kwamba mwenyewe aitikie kwa kichwa. Asipoitikia, unaanza upya. Akiitikia, ndipo useme ya kwako. Wenzake walilalamika kwamba ni kumnolea adui panga. Kaka aliwajibu kwamba mtu usiyemwelewa humpingi, unampigia kelele tu.

Mashindano yao ya kwanza yalikuwa Oktoba 1979, dhidi ya chuo cha upimaji ardhi. Mada ilisema ni afadhali kupanga kuliko kujenga, na timu yetu ilipaswa kutetea kupanga. Kaka akasimama, akaanza kwa sharti lake, kueleza hoja ya wapinzani: raha ya paa lako mwenyewe, ukuta unaoupigilia msumari bila kuomba ruhusa ya mtu, watoto kujua kwao ni wapi. Alieleza kwa moyo wake wote. Watu wakapiga makofi, mzee mmoja akafuta macho. Kengele ya baiskeli ikalia, muda umekwisha, na kuhusu kupanga alikuwa bado hajasema kitu. Waamuzi wakawapa ushindi wapinzani, wakasema hawajawahi kusikia upande ukitetewa vizuri hivyo na pande zote mbili.

Mwenzake mmoja hakumsemesha muhula mzima. Lakini nahodha wa wapinzani, msichana mrefu aliyekuja na futi yake ya kupimia kiunoni kama askari na rungu, alimfuata mlangoni. "Asante kaka," akasema. "Nusu ya zile hoja hatukuwa nazo." Kaka, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukosa la kusema, alikosa.

Mwaka 1982 aliajiriwa chuoni hapo hapo kufundisha historia, na akabaki mlezi wa timu mpaka alipostaafu mwaka 2017, na hata baada ya kustaafu, maana nani angemwambia asije? Timu ilichukua kombe mara kadhaa na kulipoteza mara nyingi zaidi. Msajili wa chuo alikuja siku moja kuwahamisha ili stoo iwekwe mashine za kurudufu. Kaka alimweleza shida zake zote za nafasi, vizuri kuliko alivyozijua mwenyewe. Yule bwana akaitikia kwa kichwa, akaketi kwenye ndoo, akaanza kusimulia jinsi wakubwa wake wanavyomwonea. Aliondoka ameahidi kuleta viti, na akaleta. Miongoni mwa waliopita mikononi mwa kaka kuna mahakimu, watangazaji wa redio na mnadi mitumba mmoja, na kaka alikuwa akisema ni huyo wa mitumba pekee anayetumia mafunzo yote.

Alifunga ndoa na yule nahodha wa wapima ardhi tarehe 8 Desemba 1984. Alipokwenda kumposa alifuata sharti. Alianza kwa kueleza sababu zote za kumkataa, na wifi yangu akaitikia kwa kichwa kila moja. Sababu ya kumkubali, anasema wifi, ilikuwa moja tu, nayo mpaka leo hajatuambia. Siku ya ndoa, mfungishaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, ukumbi ulinyamaza. Sasa watu hawa walifundishwa kwamba swali likiachwa bila kujibiwa umeshindwa. Mtunza muda wa timu, mwanafunzi wa uhandisi, akajikuta amesimama. "Taarifa, mwenyekiti." Akaulizwa pingamizi lake. Hakuwa nalo, akatafuta la haraka. "Bwana harusi hana nyumba."

Mtu mwingine angekasirika. Kaka aligeuka, akamtazama kwa masikitiko ya mwalimu. "Hiyo ni dhaifu. Hata bibi harusi hana nyumba. Ungesema sina subira, sina akiba, na nyumbani hakuna anayemaliza sentensi nikiwepo." Mfungishaji akaweka kalamu chini, na wifi akamkanyaga mguu kwa kisigino. Mama yetu, safu ya mbele, akasema kwa sauti ya kutosha, "Wafungisheni haraka kabla hajashinda."

Walijaliwa binti mwaka 1986 na mwana mwaka 1990. Katika nyumba ile chakula kilipoa mezani kila siku. Mwana wao, akiwa na miaka sita, aliambiwa akalale. Akasema anapinga, lakini kwanza aeleze hoja ya baba. Akaeleza faida za kulala mapema, polepole, kwa utulivu, mpaka baba mtu akaitikia kwa kichwa, na kichwa hakikuinuka tena. Mtoto akamfunika shuka, akarudi kucheza.

Mwezi Mei 2016 kaka alianza kuumwa tumbo. Hospitali wakaona uvimbe kwenye utumbo mpana, na daktari bingwa, mama mmoja mfupi asiyependa maneno, akasema apasuliwe bila kuchelewa. Kaka akakataa. Alimwambia binti yake kwamba vipimo hukosea. Alimwambia kaka yetu mkubwa kwamba babu aliishi na maumivu ya tumbo mpaka uzee. Mimi alinishinda kabla sijaketi. Kila aliyeingia wodini na hoja alitoka bila hoja, na uvimbe ulikuwa haushiriki mdahalo, ulikuwa unakua tu. Kaka yangu alikuwa anaogopa. Hakulisema, na mtu mwenye maneno mengi kiasi kile akinyamaza kuhusu jambo moja, ujue jambo ndilo hilo.

Wifi ndiye aliyempata. Hakubishana naye kabisa. Aliketi pembeni ya kitanda akamenya chungwa, akamuuliza, "Mwalimu, unampinga daktari?"

"Nampinga."

"Ameshaitikia kwa kichwa?"

Kaka akageuza kichwa. Timu yake ilikuwa imejaa kuzunguka kitanda, wa zamani na wa sasa, na wote walikuwa wanamtazama. Ikabidi aombe daktari aitwe. Muuguzi wa zamu alitukumbusha kwamba hapo ni wodi, si bunge, lakini naye akabaki kusikiliza. Kaka akaeleza hoja ya kupasuliwa. Daktari akasema, "Bado. Hujasema utumbo ukiziba itakuwaje." Akaanza upya. "Bado. Umeruka ini." Akauliza, akaelezwa, akaanza upya tena, na safari hii alieleza kila kitu: kisu, hatari yake, na kitakachompata asipokubali, hatua kwa hatua, kwa sauti ile ile ya mdahalo wa kupanga na kujenga. Daktari akaitikia kwa kichwa. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akaitikia pia.

"Haya," wifi akasema, "sasa sema ya kwako."

"Hata hivyo," kaka akaanza. Tukangoja. Akatazama dirishani, akatutazama sisi. "Hata hivyo, naogopa."

"Hiyo haina wa kuipinga," wifi akamwambia. "Mimi nitakuwa nje ya mlango."

Alipasuliwa tarehe 9 Juni 2016, akapona, akarudi stoo na kengele yake. Tulipata miaka mingine minane ya chakula kilichopoa, na mimi namshukuru Mungu kwa kila mlo.

Januari mwaka huu wa 2025 ugonjwa ulirudi, ukiwa umefika kwenye ini. Madaktari walisema dawa zipo, zitampa miezi michache, lakini ni lazima alazwe. Kaka akasema anataka kubaki nyumbani. Wifi akasema aende, na kaka alikuwa amedhoofika, hana pumzi ya kubishana. Begi la hospitali likafungwa, gari likaitwa. Ndipo kaka akamwambia wifi, "Mama, unanipinga?"

Nilikuwepo, nimeshika kikombe cha maji. Wifi akaketi kitandani.

"Unasema umechoka," akaanza. Kaka hakuitikia. "Si kuchoka. Unasema kule utapewa siku, lakini utazilala. Unasema unataka usikie wajukuu wakigombana sebuleni, hata kama zamu yako haitafika." Kaka bado alikuwa anamtazama. Wifi akaendelea. "Unasema mara ile ulikubali kwa ajili yetu, na wewe ulikuwa unaogopa. Sasa sisi ndio tunaoogopa, na unatuomba tukubali kwa ajili yako."

Kaka akaitikia kwa kichwa.

Ilikuwa zamu ya wifi kusema ya kwake. Mwanamke huyu alibishana na kaka yangu miaka arobaini bila kurudi nyuma hatua moja. Alinyanyuka, akafungua begi, akaanza kurudisha nguo kabatini, moja moja, akizikunja upya. Nikatoka nje nikamwambia dereva aondoke.

Kaka alifariki dunia nyumbani kwake mchana wa tarehe 22 Machi 2025, kitandani pake, wifi amemshika mkono, na wajukuu sebuleni wakibishana ni nani aliyeanza.

Ameacha mjane, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu wanne, mimi dada yake, timu ya mdahalo isiyojua kuketi kimya, na kaka yetu mkubwa, fundi saa, tunayemwita Kimya kwa sababu tangu mdogo wake azaliwe hakupata nafasi ya kuongea. Kaka mkubwa jana nilimuuliza kama ana neno la kuongeza hapa. Alifikiri sana, akasema, "Mwambie aendelee tu, mimi nilikuwa nasikiliza."

Basi lala kwa amani, kaka. Ulituchosha, nasi tulikuwa bado tuna nguvu ya kuchoka.