Taa za Kijiji cha Mzee Urho

“Nyie mabinti mkimaliza shule tu, mbio mji mkuu, Helsinki! Kijiji mnamwachia nani?” Mzee Urho alimfokea msichana asiyemjua, aliyeketi kiti cha jirani. Martta, dereva wa basi, akaguna. Wimbo huo alishauchoka.

“Wodi ya wazazi imefungwa, babu. Nizalie humu kwenye basi?” msichana akajibu.

“Imefungwa kwa sababu hamzai!”

“Hatuzai kwa sababu imefungwa! Na wanao wako wapi?”

Mzee akaanza kufunga vifungo vya koti.

“Helsinki,” Martta akamjibia.

Basi likasimama. Ilikuwa alasiri tu, lakini kaskazini hii ya Ufini, majira ya baridi, giza lilishaingia, na kila dirisha kijijini lilikuwa na taa.

“Mbona watu wamejaa?” msichana akauliza.

Mzee, aliyekwisha kushuka, akageuka mlangoni pa basi, theluji ikimfika magotini. “Watu gani? Nyumba tupu! Taa zote naziwasha mimi, nyumba kwa nyumba, na miguu imechoka!”