Msumari wa Funguo wa Mzee Subiri

Leo Ijumaa, tarehe 28, saa kumi na nusu jioni, fundi wetu mkuu wa matairi anavua ovaroli baada ya miaka ishirini na sita na miezi minne ya utumishi. Nimeombwa niandike mambo mazuri na kuyasoma mbele yenu. Nitajaribu. Lakini mjue kwamba miaka kumi na tisa kati ya hiyo nimekaa mapokezi, na kila mteja aliyeudhiwa naye alikuja kumalizia hasira zake kwangu.

Alianza kazi wakati tairi lilikuwa tairi tu: unatoa la zamani, unafunga jipya, unajaza upepo, mtu anakwenda zake. Kisha yakaja magari yenye sensa, kile kidude kinachokaa ndani ya rimu, kwenye vali, kinachopima upepo na kumwashia dereva taa ya njano ukipungua. Sisi wengine tulikiona kero. Yeye, loo, utadhani kapata mchumba.

Tangu hapo kwake hakuna tena kazi ya dakika ishirini. Kila tairi jipya lazima mpira wa vali na nati yake vibadilishwe, betri ya sensa ipimwe, sensa isajiliwe upya kwenye gari, halafu gari lizungushwe barabarani mpaka taa izime. Taa ikiwaka, ufunguo hautoki. Mteja mmoja aliomba tuizibe hiyo taa kwa kipande cha plasta. Alisomeshwa nusu saa nzima, kasimama wima. Ndipo wateja wakaanza kumwita Mzee Subiri, na jina likamganda.

Sitasahau Jumamosi ya baba wa bibi harusi. Matairi manne mapya, suti imepigwa pasi, na taa inawaka. Mzee Subiri alikataa katakata kutoa ufunguo. Badala yake alimpakia baba mtu kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe, akashika usukani na ovaroli yake ya grisi, akampeleka hadi ukumbini. Taa ilizima karibu na geti. Akakabidhi ufunguo, akalishwa keki, akapigwa picha na maharusi. Huku nyuma mimi nina magari tisa uani na kila mwenye gari ananiuliza fundi yuko wapi. Jamani, ningejibu nini?

Sasa niseme na langu, maana yeye hajalisema kwa mtu hata siku moja. Miaka saba iliyopita muuguzi mmoja alikuwa anawahi kumchukua mama yake aliyeruhusiwa kutoka hospitali. Taa ilikuwa inawaka, Mzee Subiri alikuwa chini ya gari jingine, muuguzi alikuwa karibu kulia, nami nilikuwa nimechoka kutukanwa tangu asubuhi. Nikampa ufunguo. Nilimwambia taa itazima yenyewe huko mbele.

Haikuzima. Mpira wa vali moja ulikuwa haukukaa sawa, upepo ukatoka kidogo kidogo, na ukaisha kabisa kwenye barabara kuu mama mgonjwa akiwa ndani. Gari liliyumba likasimama ukingoni mwa mtaro. Hakuna aliyeumia. Mzee Subiri alikwenda na jeki yake, akatengeneza, akamwambia muuguzi kosa ni la fundi. Alipewa barua ya onyo, akaitia sahihi, na mimi sikutajwa popote. Nilinyamaza. Nilikuwa mwoga tu, sina neno jingine.

Kesho yake alipiga msumari ukutani nyuma ya meza yake ya kazi, na funguo zote zikahamia huko. Toka siku hiyo kila ufunguo nimeufuata kwa miguu, hatua arobaini na mbili kwenda, arobaini na mbili kurudi. Mara ngapi nimemsonya njiani, Mungu anisamehe.

Meneja wetu ameshatangaza kwamba kuanzia Jumatatu mteja atapewa gari lake mara tu matairi yakifungwa, mambo ya taa atajua mwenyewe njiani, ili tuhudumie magari mengi zaidi. Wengi mlipiga makofi. Zamani ningekuwa wa kwanza.

Lakini jana asubuhi Mzee Subiri alikuja mapokezi na nyundo. Hata salamu hakutoa. Akaupiga msumari uleule ukutani kando ya kiti changu, akauvuta kuona kama umeshika, akaondoka. Nilikwenda stoo nikalia.

Mzee wetu, asante kwa kila gari lililofika salama, na asante kwa ile barua uliyoitia sahihi. Mkeo ametuuliza kama tunaweza kukubakiza mwaka mmoja zaidi. Tumemwambia ajikaze, sisi zamu yetu imekwisha. Nenda ukapumzike, ukawe na afya na siku ndefu za raha, na usiende kugusa magari ya majirani.

Na wewe meneja, ambaye gari lako limefungwa matairi mapya leo asubuhi na umekuwa ukiutafuta ufunguo tangu saa sita: uko kwenye msumari. Taa bado inawaka. Tukimaliza hapa nitalizungusha mwenyewe.