Shikamoo ya Babu wa Miaka Kumi

Kwenye benchi la Avit muuza kahawa, mkabala na yanaposimama mabasi ya Biharamulo pale Muleba, kahawa huwa chungu na maneno matamu. Siku hiyo Mwalimu Datius hakuonja kimojawapo. Riwaya mpya ya Rutashobya ilikuwa mapajani pake, imefungwa kama mdomo wa aliyenuna. Maisha yake yote ya ualimu aliwaaminisha watoto wa Kamachumu kwamba Rutashobya hakosei. Sasa Jumamosi Rutashobya anakuja mwenyewe, na ofisi ya utamaduni imemteua Datius amsifu mbele ya mgeni rasmi, au mwakilishi wa mgeni rasmi, au atakayemwakilisha mwakilishi. Datius alikuwa ameapa kwamba atashika kipaza sauti na kusema: umetuangusha.

Kosa lenyewe aliwaeleza wenzake upya. Mzee wa miaka sitini anarudi nyuma hadi enzi za Mjerumani, anaingia kwenye kibanja cha ukoo, na katikati ya migomba anamkuta babu yake mzaa baba akichunga mbuzi. Babu ana miaka kumi. Mjukuu ana mvi, babu ana kamasi. Msomaji amebana pumzi, na Rutashobya, Mhaya wa kuzaliwa, anaandika neno moja tu.

— "Walisalimiana," alisoma Datius. — Kama abiria wa basi. Kisha anatueleza habari za mbuzi.

Lameki, mtendaji wa kata mstaafu ambaye kijiwe kilimwita Muhtasari, alisema shikamoo ilikuwamo, ila imekatwa. Kitabu kikipita ofisi tatu, kila ofisi sharti ikate kitu, isije ikaonekana haikufanya kazi.

Mayenga, mchuuzi wa samaki aliyetokea visiwani, ndiyo maana akaitwa Sato, alikataa katakata. Kwa maoni yake Rutashobya alisafiri mwenyewe kwenda huko zamani, salamu ikamshinda, akaona aibu kuiandika.

— Alisafiri na barua ya utambulisho? aliuliza Lameki.

— Ya nani tena, Muhtasari?

— Ya mtendaji. Huwezi kuingia kata ya watu kimyakimya, hata iwe ya Mjerumani.

— Basi ndiyo maana hakusalimia vizuri, alikuwa anajificha. Halafu wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Babu ana miaka kumi, huo ndio wakati wa kumkunja.

Datius alisema babu hakunjwi. Mayenga akawaza kidogo, akapuliza kahawa yake.

— Mimi naona yule mtoto si babu. Babu ni mmoja wa wale mbuzi.

— Hapo sasa "walisalimiana" linahitaji kikao, alisema Lameki.

Evelyne, mwalimu mpya aliyehamishiwa huku kutoka Singida, alikuwa amefika kusubiri basi la Bukoba. Aliwaamkia wote, akapokea kikombe, akasikiliza mpaka akashindwa kuvumilia.

— Samahani, wazee wangu. Kwani nani alitakiwa kuanza?

Lameki alifungua kinywa kwa kasi ya ofisi. Alisema babu ni babu. Kisha akakumbuka umri, akaomba suala lipelekwe kwenye kamati ndogo. Avit alibaki ameinamisha birika na hakuna kilichotoka. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Wote wakamgeukia Datius. Alijaribu kimoyomoyo, kibanjani kwao, mbele ya babu yake mwenyewe. Akimpa mtoto shikamoo, mtoto atakimbia kwenda kusema kuna kichaa migombani. Akisubiri, babu atamwamkia yeye, na yeye ataitikia. Alijaribu kuitikia. Marahaba ilimkwama kooni kama mwiba wa sato.

Alifungua kitabu, akalisoma lile neno tena, polepole.

— Sasa Jumamosi utasema nini, Mwalimu? aliuliza Lameki.

— Nitamshukuru.

— Kwa lipi, Mwalimu waitu, wakati amekuangusha?

— Kwa kutokuja kuniuliza mimi.