Hyasinta Anaitwa

Benchi la Machibya lipo Iringo, mkabala na ofisi ya kata, kwenye kivuli cha duka la vipuri ambalo halijafunguliwa tangu mwenyewe ahamie Bunda. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na ukishaukalia huna haraka tena ya dunia. Watu wa hapo wanajuana kwa majina ya kijiweni tu. Jina la kwenye kitambulisho hakuna aliyewahi kuulizwa. Yupo Bajeti, aliyestaafu kazi ya mizani kwenye pamba, na tangu astaafu anapima kila kitu kwa mdomo. Yupo Sangara, mchuuzi wa samaki anayekwenda na kurudi kisiwani Rukuba. Na yupo Kamongo, fundi viatu, aliyebandikwa jina la yule samaki wa matopeni kwa sababu anaweza kunywa kahawa mpaka birika likaisha bila kutoa neno. Asubuhi hiyo ziwa lilikuwa limetulia, na kule mbali kundi la wadudu wa majini lilikuwa limepanda angani kama moshi wa nyumba isiyoonekana. Machibya muuza kahawa alikuwa anamimina taratibu, macho yamefumba nusu, pale spika ya ofisi ya kata ilipokohoa.

— Mzazi wa Hyasinta Magesa. Hyasinta Magesa, mara ya kwanza.

Hakuna aliyetoka. Kamongo akakitazama kikombe chake kana kwamba jina limeangukia humo.

Kamongo ndiye Magesa. Hyasinta ni binti yake, ana miaka sita, ana kifafa, na miguu yake haijapata nguvu ya kumbeba. Mwaka juzi ugonjwa ulipomzidi, mama yake Magesa aliwaita Butiama, akachinja mbuzi, akasema ni bibi yao marehemu anayemtaka mtoto. Basi mtoto akapewa jina la huyo bibi, akawa Nyangi. Jina la ubatizo likaachwa kulekule. Nyumbani halitajwi, na mtu wa nje akilitaja haliitikiwi, kwa maana anayeliitikia anauonyesha ugonjwa njia ya kurudi. Lakini kadi ya kliniki haikwenda Butiama. Mkewe Lilian alipokwenda kumwandikisha mtoto kwenye ule mfuko mpya wa kusaidia familia zenye watoto wagonjwa na walemavu, waliandika walichokiona kwenye kadi. Mfuko unatoa dawa, nauli ya hospitali na kitu kidogo cha kila mwezi. Ukiitwa mara tatu usitokee, nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Nenda tu ukaitikie, Baba Nyangi," Lilian alimwambia alfajiri. Magesa alitoka nyumbani akiwa na nia hiyo. Nia ikamfikisha kwenye benchi.

— Mtu anaitwa kupewa msaada, hatoki, Bajeti akasema. Mimi hiyo kitu nimeipima. Huyo mtoto hayupo. Ni mtoto hewa.

— Hewa namna gani? Sangara akauliza.

— Kule kwenye pamba tulikuwaga na wakulima hewa. Jina lipo, mzigo upo, mtu hayupo. Sasa wamehamia kwa watoto.

— Hapana, bwana. Baba yake yuko Rukuba. Pale kisiwani ukiitwa kutoka mjini unasikiaga, upepo ukikaa vizuri. Shida ni boti. Mpaka ufike, wameshafunga ofisi.

— Unasikia kutoka Iringo mpaka Rukuba?

— Mimi nimewahi kumsikia mke wangu.

Machibya akacheka bila sauti, akamwongezea kahawa. Magesa alicheka nao kidogo ili asishtukiwe. Joto lilikuwa limeanza kumlegeza, na mawazo yakamponyoka yakaenda nyumbani kabla yake. Akamwona Lilian amelala mchana, usingizi wa haki, mdomo wazi, hakuna anayemshtua. Zamani Lilian alikuwa anashona sare za shule. Siku hizi cherehani yake imegeuka meza ya kuwekea chupa za dawa na vitambaa vya mtoto. Katika ile ndoto ya macho wazi Magesa aliziona chupa zimehamia kwenye kabati, na kitambaa cha bluu kinapita chini ya sindano, kinapita tu, hakiishi. Alitamani kubaki humo.

— Hyasinta Magesa. Mara ya pili.

— Mnaona, Bajeti akasema. Na mimi nasema hata huo msaada wenyewe ni chambo. Wanataka kujua watoto wangapi mkoani Mara hawatembei, halafu wapeleke hesabu huko juu, wajenge barabara nyembamba.

— Barabara inaingiaje hapo? Machibya akauliza.

— Watembeaji wamepungua, njia pana ya nini?

Sangara akanywa, akafuta mdomo.

— Labda hajazaliwa, akasema polepole. Huyo Hyasinta. Siku hizi serikali inapangaga mapema. Anaitwa leo, mama yake bado anasoma darasa la tano.

— Hiyo imezidi, Sangara.

— Basi subirini, nina nyingine. Sangara akashusha sauti, akaangalia ziwani. Huko kwetu mtoto akiumwa sana wanambadilishiaga jina. La zamani linaachwa. Ukiliitikia, umeharibu. Labda baba yake yuko hapahapa mjini, anasikia kila kitu, amekaa kimya.

Katika uongo wote wa asubuhi hiyo, huu uliokuwa wa mwisho ndio uliomkuta Magesa ameketi.

— Kama ni hivyo yuko sahihi, Bajeti akatoa hukumu. Hela inatafutwa. Ugonjwa ukirudi utaurudisha na nini?

— Kabisa, Machibya akasema. Akae kimya chake.

Magesa hakujua kwamba alikuwa anangoja kuruhusiwa mpaka pale aliporuhusiwa. Moyo ukaanza kutulia, na kile kitambaa cha bluu kikaanza kufifia chenyewe, bila ugomvi.

Ndipo akatokea mwanamke kijana kutoka upande wa ofisi, mtoto wa kiume amemfunga mgongoni. Macho ya mtoto yalikuwa na umanjano.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mama. Karibu benchi.

— Naitwa Consolata, nimeolewa hapo nyuma. Naomba maji kidogo ya kumezea dawa. Huyu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Tumeshaitwa, tunashukuru.

Machibya akampa maji, Sangara akasogea. Consolata akamshusha mtoto, akampa kidonge, akamsugua koo kwa kidole mpaka kikashuka. Alifanya hivyo huku akiwasikiliza, kwa sababu Bajeti hawezi kuacha jambo likapoa.

— Tunamzungumzia huyo anayeitwa haitikii, mama. Tumeona baba yake ana akili. Wamembadilisha mtoto jina, sasa akiitikia lile la zamani ugonjwa utarudi.

Consolata akamtazama, si kwa ubishi. Alikuwa anataka kuelewa.

— Utarudi? Kwani uliondoka?

Bajeti akamsogezea Machibya kikombe chake. Sangara akageukia ziwa. Machibya akanyanyua birika, akalitikisa, akalirudisha mahali pake.

Magesa peke yake alikuwa na jibu. Alfajiri ileile, kabla ya chai, Nyangi alishikwa na kifafa karibu na jiko. Yeye alimweka kichwa pajani, Lilian akaita Nyangi, Nyangi, jina safi, jina la bibi, na ugonjwa haukusikia jina lolote. Ulimtikisa mtoto mpaka ulipomaliza wenyewe. Ndivyo ulivyofanya wiki iliyopita, na mwezi uliopita, na mwaka jana wote. Yeye alikuwa amesimama mlangoni kuuzuia usiingie, kumbe umelala ndani, unakula nao. Akaona aibu. Baada ya aibu ukaja uchungu, na nyuma ya uchungu bado hofu ilikuwepo, haikuwa imepungua hata kidogo.

— Hyasinta Magesa, spika ikasema. Mara ya tatu na ya mwisho.

Akainuka.

— Kamongo, kahawa yako, Machibya akasema.

Hakugeuka. Alivuka barabara, bodaboda ikampigia honi, dereva akamtukana kidogo, naye akamwomba radhi kwa mkono. Ngazi za ofisi ni tatu tu lakini alizipanda kwa kushika ukuta. Ndani alikuwepo binti wa ofisi, kipaza sauti mkononi, kidole kinatafuta jina linalofuata.

— Subiri, mama. Tupo.

— Nyie akina nani, baba?

— Huyo uliyemwita.

— Nimeita wengi. Taja jina la mtoto, tafadhali.

Magesa akafungua kinywa. Ulimi ukagoma, kwa sababu tangu Butiama haukuwa umeligusa lile jina hata ndotoni. Binti akadhani mzee ana sauti ndogo, akamsogezea kipaza sauti karibu na midomo, bila kukizima.

Kwa hiyo Magesa aliisikia sauti yake mwenyewe ikitokea nje, juu ya paa, kubwa kuliko alivyokusudia, ikipita barabara na benchi na mabati ya Iringo, ikielekea ziwani.

— Hyasinta. Hyasinta Magesa. Ni mwanangu, na bado anaumwa.