Doña Chencha na Aksolotli Waliogoma Kula

Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti 2019, Crescencia Xolalpa, ambaye hapa kituoni sote tunamwita Doña Chencha, anastaafu baada ya karibu miaka ishirini na saba ya kulisha aksolotli, salamanda wa majini wenye mkia na miguu minne, asili yao mifereji ya Xochimilco. Alianza Julai 1992 akiwa mfagizi. Miezi mitatu baadaye mlishaji wa wakati huo aliacha kazi, akilalamika kwamba mikono yake ilinuka minyoo hata siku ya harusi yake. Doña Chencha akaombwa ashike nafasi kwa wiki moja. Wiki hiyo inakwisha Ijumaa.

Aksolotli tunaowapokea si wa mifereji. Ni wale waliofugwa majumbani, ambao wenyewe wameshindwa nao: mmoja kahama, mwingine kaugua, mwingine hana namna ya kuyaweka maji yawe baridi. Wanakuja na madeko ya mtoto wa mwisho. Yupo aliyelelewa na daktari wa meno, hajui chakula kingine ila kamba wadogo waliomenywa. Doña Chencha huwapa majina kwa tabia zao, huwatambua kwa matamvua yao yaliyosimama nje ya kichwa kama vishada, na huwasalimu kila asubuhi kwa kejeli: "Haya, waheshimiwa, meza iko tayari." Siku ya tetemeko la 2017 alibaki chumba cha matangi, mgongo umeegemea rafu ya vioo mpaka ardhi ikatulia. Alipotoka aliomba kahawa, halafu akauliza nani amekimbia na funguo za stoo.

Lakini wasifu huu ungekuwa wa uongo kama usingefika Mei 2011. Mimi ninayeuandika, Anselmo Urrutia, daktari wa wanyama wa kituo hiki, ninayo sababu ya kutotaka kufika huko.

Mwezi ule, ndani ya siku tisa, tulipoteza aksolotli kumi na mmoja. Ngozi ilifanya mabaka meupe kama pamba, matamvua yakasinyaa, asubuhi tunawakuta wameelea. Miaka yote walikuwa wakila minyoo hai, ambao Doña Chencha aliwachota mwenyewe kila Jumanne katika tope la mfereji, pembeni mwa chinampa ya binamu yake, bustani iliyoinuliwa katikati ya maji. Nilikuwa na miaka miwili kazini na nilitaka jibu upesi. Nikasimama katika mkutano wa wafanyakazi wote, nikasema: "Ugonjwa umeingia na ndoo ya Doña Chencha."

Alikuwa amekaa mstari wa mbele, aproni bado kiunoni.

"Kama ni hivyo, Daktari, basi nimewaua kwa mkono wangu."

Siku hiyohiyo nilipiga marufuku minyoo hai. Waliobaki, thelathini na wanne, wangekula punje za chakula kikavu cha kiwandani.

Hawakula. Punje ilizama, mnyama akaisogelea, akaivuta mdomoni, akaitema kama mtu aliyeng'ata kokwa. Wengine hawakujisumbua hata kusogea. Aksolotli mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki mbili bila chakula na asidhurike, lakini hawa walikuwa wametoka kwenye maradhi. Kufikia siku ya saba mikia ilikuwa imeanza kukonda. Nilisema tuwalishe kwa mrija, mmoja mmoja, ingawa nilijua mrija unaweza kumchana koo mnyama mdogo. Doña Chencha akaja mlangoni kwangu.

"Daktari, ulichokataza ni minyoo hai, au ni minyoo?"

"Walio hai."

"Na waliochemshwa?"

Nikafikiri. "Waliochemshwa hawawezi kuambukiza."

"Basi niachie jiko la chai."

Alileta nyungunyungu kutoka shimo la mboji nyumbani kwake, akawachemsha, akaloweka punje katika supu ile mpaka zikawa laini kama unga wa mahindi uliokandwa kwa ajili ya tamali. Katibu muhtasi alihamishia meza yake uani kwa sababu ya harufu. Doña Chencha akafunika matangi kwa vitambaa vya jikoni, maana aksolotli hana kope na mwanga unamkera. Siku za kwanza aliwapa kipande kikubwa cha mnyoo kilichobandikwa chembe ya punje. Kila siku kipande cha mnyoo kikapungua, punje ikaongezeka. Kilichokataliwa alikitoa baada ya nusu saa, maji yasije yakaharibika. Hakumruhusu mtu mwingine kushika kibanio alicholishia.

Siku ya kumi dume mmoja aliyeitwa Mwanasheria alimeza punje tupu. Doña Chencha alichora mstari wa chaki ukutani, akaenda tangi la pili. Siku ya kumi na tano mistari ilikuwa thelathini na miwili. Siku ya kumi na sita Canelo, mmoja wa wawili waliokuwa bado wanagoma, mpole kuliko wote, alikufa. Doña Chencha alimzika mwenyewe chini ya mti ukingoni mwa mfereji, akarudi kazini.

Akabaki Necia, yaani Mkaidi.

Necia alikuwa jike jeupe la Don Telésforo, kinyozi mjane kutoka mtaa wa San Juan. Mnyama alikuwa wa marehemu mkewe, na mzee alikuja kumwona kila Jumapili, kofia mkononi, kama anayemtembelea mgonjwa wa familia. Jumapili ya siku ya kumi na tisa alimkuta Necia hawezi kutulia kwenye sakafu ya tangi. Mwili ulikuwa ukimpandisha juu. Mrija ulikuwa tayari kwenye sinia.

"Kesho asubuhi, Doña Chencha," nilisema. "Siwezi kungoja zaidi."

Don Telésforo aliutazama mrija, akatugeukia. "Kwani mnamlishaje?"

Doña Chencha akamwonyesha: kibanio, punje, taratibu mpaka mdomoni.

"Ndiyo maana. Marehemu alikuwa akisema huyu ni kama wateja wangu: ukimfuata na wembe anarudi nyuma. Usimpe, mama. Mnyang'anye."

Doña Chencha akaishusha punje karibu na shavu la Necia, akaitikisa kidogo, halafu akaivuta, polepole, kama mnyoo anayerudi topeni. Necia akageuza kichwa. Doña Chencha akaivuta tena. Necia akanyanyua mguu mmoja, akauweka mbele. Sote watatu tulikuwa tumeinamia kioo. Mara ya tatu mdomo ukafunguka na punje ikapotea.

Tukangoja aiteme. Matamvua yakapanda, yakashuka. Hakuitema.

"Mkaidi wee," Doña Chencha aliliambia tangi, "umenizeesha."

Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia. Don Telésforo akampa leso. Mimi nikaondoa sinia.

Majibu ya maabara, nilikopeleka sampuli, yalifika katikati ya Juni. Minyoo walikuwa salama. Ugonjwa ulikuja na mimea ya maji tuliyopewa zawadi mwezi Aprili. Niliipokea mimi, nikaitia katika matangi bila kuitenga kwa siku thelathini kama kanuni inavyotaka. Nilimwambia Doña Chencha ukumbini, nikiwa natembea, karatasi mkononi.

"Kwa hiyo ndoo yangu?" aliuliza.

"Ilikuwa safi."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Saa ya kulisha ilikuwa imefika. Wengine sikuwaambia. Miaka minane nimesikia vijana wapya wakitaniwa wajihadhari na ndoo ya Doña Chencha. Yeye alikuwa akisikia pia, na hakuwahi kunitaja.

Kwa kuwa maandishi haya yatasomwa mbele yenu nyote na mbele ya wanawe, nasema sasa: ndoo ya Doña Chencha ilikuwa safi. Kosa lilikuwa langu, na waliookoka aliwaokoa yeye. Tangu mwaka ule amefundisha zaidi ya nyumba mia mbili za Xochimilco namna ya kumbembeleza mnyama mwenye kuchagua chakula, na hajapata kumwaibisha mwenye nyumba kwa alichokosea.

Doña Chencha, nakuomba radhi, nimechelewa. Wenzako wote tunakushukuru. Tunakutakia afya njema, asubuhi zisizo na haraka, na kokote utakakokwenda, watu wakuamini tangu neno la kwanza.