Marahaba Niliyomnyima Bakari

Bwana asifiwe!

Mmeitikia kwa nguvu, Mungu awabariki. Mimi nitasema kwa sauti ndogo, maana nikiipandisha itakatika. Mnanijua, Mama Elia wa hapa Pongwe, yule anayewagombeza wanakwaya wakichelewa. Baba yangu alikuwa Mshambaa aliyeshuka milimani kuja kukata mkonge, nami nimezaliwa kambini. Tangu nibatizwe sijawahi kusimama hapa kushuhudia. Wanaosimama nilikuwa nawacheka moyoni, nikisema hawa wanapenda kuonekana. Haya, leo ni zamu yangu, nichekeni.

Ndugu zangu, nawaambia mapema msije mkavunjika moyo mbele ya safari. Wengine hushuhudia walivyoponywa, au walivyopata mtoto waliyemlilia miaka. Mimi mtoto wangu yuko kaburini na hatarudi. Asubuhi bado naamka nikihesabu vikombe viwili vya chai, halafu kimoja nakirudisha kabatini. Hapo ndipo ushuhuda wangu ulipo.

Elia alikuwa mwanangu wa pekee. Mlimjua, alikuwa akiuza madafu mjini kwa baiskeli. Rafiki yake alikuwa Bakari, mtoto wa jirani yangu Bi Mwanaidi. Krismasi Bakari alikula kwangu, Idi Elia alikula kwao, hata sikumbuki nani alimpiga nani makofi utotoni, maana sisi mama wawili tuliwachapa wote bila kubagua. Bakari alikuwa mkwezi. Yeye anapanda mnazi, Elia anakusanya chini.

Kazi ya ukwezi ina sheria moja, hata mtoto anaijua. Kabla hujaangusha, unaita. Ukiita na aliye chini asisogee, watu watasema ni ajali, kazi ya Mungu. Usipoita, jina lako limekufa. Hakuna atakayekuita tena shambani kwake.

Siku ile walikuwa Tongoni. Nazi moja, ndugu zangu. Moja tu, kichwani! Walimpakia Elia kwenye bajaji, akafia njiani. Hospitali walinipa vitu vyake kwenye mfuko wa nailoni: kandambili, simu, na shati. Na kwenye ukosi wa shati, zimejiviringa, zilikuwamo hedifoni, zile waya za kusikilizia muziki. Mimi ndiye niliyemnunulia. Zawadi ya Krismasi, kwa mikono yangu hii.

Nikazitoa upesi. Nikazifunga kwenye pindo la kanga.

Msibani Bakari alikuja, akapiga magoti mbele yangu. Aliapa kwamba aliita, mara mbili, na Elia hakusogea, wala hajui kwa nini. Mwenyekiti wa mtaa akaniuliza mbele ya watu wote jamvini kama Elia alikuwa na kitu masikioni. Pindo la kanga lilikuwa limelala hapa pajani. Nikasema hapana. Nikasema mwanangu hakuwa na vitu hivyo.

Uongo wa maneno machache! Na bado nikaongoza wimbo wa mazishi.

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza mpaka kichwa kimeuma. Ilikuwa lazima awepo mtu wa kubeba. Kama Bakari aliita, basi mwanangu aliuawa na zawadi yangu. Sikuweza kuibeba hiyo, nikamtwika mtoto wa mwenzangu.

Wenye mashamba wakaacha kumwita. Akawa anajulikana kama mkwezi asiyeita. Lakini kila asubuhi alipita mbele ya mlango wangu, akasimama, akasema, "Shikamoo, mama." Mimi nikainamia sufuria yangu. Alikuwa akingoja kidogo, halafu anakwenda. Mnajua wenyewe, huku kwetu hata ukiwa na ugomvi na mtu, shikamoo yake huiachi chini. Mimi niliiacha, kila siku, miezi kumi na moja. Na Jumapili nilikuja hapa, benchi la mbele, na ile sala Bwana aliyotufundisha tukaisema pamoja. Tukifika pale pa kuomba ufalme wake uje, sauti yangu ilikuwa juu kuliko ya mchungaji. Uje wapi? Kiti chake cha enzi nilikuwa nimekikalia mimi! Mimi ndiye hakimu, mimi ndiye shahidi, mimi ndiye mwenye kuficha ushahidi.

Kisha asubuhi moja hakupita. Wala ya pili. Nikasikia amevuka mpaka pale Horohoro, ameingia Mombasa kutafuta kibarua. Nilidhani nitapumua. Wapi! Kimya kile kilinitafuna. Nilikuwa nakaa mlangoni saa ileile, sufuria mkononi, nasikiliza njia. Chakula kikawa hakishuki. Nikasema afadhali nife, nikaogopa kufa, maana huko Elia angeniuliza rafiki yake nimemfanya nini.

Ndugu zangu, siku moja kabla ya adhuhuri nilizitoa zile hedifoni sandukuni. Nilitaka tu kusikia kama alivyosikia mwanangu mara ya mwisho. Nikazichomeka kwenye simu yangu, nikaweka nyimbo za kwaya, nikafumba macho. Sijui nilikaa muda gani. Nikashtuka mkono umenigusa begani, karibu nianguke kitini. Ni Bi Mwanaidi! Midomo yake inacheza, simsikii. Nikavuta waya.

"Mama Elia, nimepiga hodi mpaka koo limekauka," akasema. "Nimekuja kuomba radhi yako kwa Bakari. Labda akiisikia atarudi."

Halafu akaona kilichokuwa mkononi mwangu. Aliziangalia hedifoni, akaniangalia mimi. Damu ya kwenye ukosi wa shati ilikuwa imeziachia doa, na doa lile halikutoka. Akaketi chini pale pale sakafuni.

"Kumbe mwanangu aliita," akasema.

Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu! Alijifunika uso kwa mtandio akalia, akasimama, akatoka bila kuaga.

Nilipiga magoti pale alipokuwa ameketi. Mimi mnanijua, nikiomba naomba kwa maneno mengi, kwa mpangilio. Siku ile sikuwa nayo. Nilisema, "Baba, kaa wewe. Mimi nashuka." Basi. Sikuona nuru, sikusikia sauti. Nyumba ilikuwa ileile, kuku wanaparua uani. Lakini kwa mara ya kwanza tangu msiba niliweza kulisema jina la Bakari kwa mdomo wangu. Nililisema nikalia, nikalisema tena.

Hapo ndipo nilipofunguliwa, ndugu zangu. Kitu kidogo hicho. Sijui kwa nini Mungu hakuisogeza ile nazi kwa kiasi cha shubiri moja. Nimeuliza, hajanijibu. Mnazini alikuwa Bakari, chini alikuwa Elia, aliyeona yote ni Mungu peke yake, nami nimekubali kwamba kuona ni kwake. Nakubali huku nalia. Wengine mtasema imani gani hiyo. Ndiyo niliyo nayo.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa nikasema ukweli. Nikaenda Tongoni, shamba kwa shamba, nikiwa na hizi waya mkononi, nikawaambia: kijana yule aliita. Wapo walionitazama kwa kinyaa. Walikuwa na haki.

Bakari hajapatikana. Simu yake haiingii. Mimi na mama yake tunampigia pamoja, kila siku baada ya alasiri, tunaisikiliza ikikataa. Ndiyo, tunakaa pamoja, ingawa hajaniambia amenisamehe nami sijamwuliza. Leo amekuja. Ni yule pale benchi la mwisho, karibu na mlango. Si wa kanisa letu, amekuja kama jirani. Asante, mwenzangu.

Namshukuru Mungu aliyenishusha kitini kabla sijazeekea juu yake. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu anakusalimia nawe unainamia sufuria, mwitikie leo. Usingoje ufe na jibu lake mdomoni. Shuka, mwache Bwana akae. Utaumia, sikufichi, lakini hutaumia peke yako.

Bi Mwanaidi, umesema binamu yake Bakari wa Mombasa anapokea ujumbe wa sauti kwenye simu, huenda akamfikishia. Nyoosha simu yako, shika vizuri, nisemee hapo mbele ya kanisa lote.

Bakari. Uliita, mwanangu. Mara mbili. Na mimi ulinisalimia miezi kumi na moja.

Marahaba, baba. Marahaba. Marahaba.